Dada uliyeokota shanga na mimi, asante sana

Jamani hii shukrani imenikaa moyoni muda mrefu. Kuna dada mmoja, jina sikumuuliza, siku ile kwenye maonyesho alinikuta nimeinama chini ya meza naokota shanga, mkufu umekatikia mikononi mwa mteja, mteja kaondoka zake na mimi machozi yananilenga. Yule dada akaweka pochi chini akaanza kuokota, hakusema kitu mpaka tulipomaliza. Ndo akachukua shanga moja akapitisha ukucha wangu kwenye tundu, akasema sikia huo ukali, huo ndo unakukatia uzi. Kumbe! Mi miezi yote nalaumu uzi, nabadilisha uzi. Akanionyesha kulainisha tundu kwa msasa uliosokotwa mwembamba, na kupiga fundo kati ya shanga na shanga ili hata ukikatika idondoke moja tu. Na vile vipete vya kuunganishia nilikuwa navivuta kuvipanua vinaharibika umbo, akanishika mikono nikiwa na koleo mbili, moja inasukuma mbele moja inavuta nyuma, kipete kinapinda upande kinafunguka, na kinarudi vilevile.

Hii kazi unafanya peke yako, we ndo fundi we ndo muuzaji we ndo mpiga picha, mtu kukupa nusu saa yake bure ni kitu kikubwa mno. Dada, tangu siku ile sijarudishiwa hata mkufu mmoja. Bangili yako ya shukrani nimeshaitengeneza, mafundo yote nimepiga kama ulivyonifundisha, ipo kwenye droo inakusubiri.