Dawa ya Texas haiwezi kutibu Turkana

Mhariri,

Nilifurahia ripoti yenu kuhusu kusukuma gesi ardhini ili kuongeza mafuta yanayotoka kwenye miamba ya sheli. Lakini pendekezo kwamba Kenya iige mbinu hiyo Turkana limeniacha na shaka.

Sheli ni tope lililogeuka mwamba. Vinyweleo vyake ni vidogo mno kiasi kwamba, hata ukipasuliwa kwa maji yenye shinikizo kali, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hubaki humo humo. Ndiyo maana kule Eagle Ford, Texas, wachimbaji hujaza gesi kisimani, hukifunga kwa muda ili gesi ichanganyike na mafuta na kuyafanya mepesi, kisha hukifungua na kuvuna. Mafuta ya Lokichar, kule Turkana, yaliyogunduliwa 2012, yamo kwenye mwamba wa mchanga, na taabu yake ni nyingine kabisa: yana nta nyingi, yakipoa huganda. Madereva walioyapeleka Mombasa kwa malori wanalijua hilo kuliko wengi wetu hapa Nairobi.

Wizara husika ichapishe, kwa Kiswahili chepesi, mpango wa kuvuna mafuta hayo: maji ya kuyasukuma yatoke ardhini yatapatikana wapi katika kaunti kame kama ile, na gesi itakayotoka pamoja na mafuta itafanyiwa nini. Gesi hiyo ipashe mabomba joto au irudishwe ardhini, isichomwe hewani huku wafugaji wakitazama.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi