Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wanachama wenzangu,

Mwaka huu tulikutana mara nne kupika na kula vyakula vya asili. Naanza na Agosti, maana ndiyo ninayoulizwa kila nikipita sokoni.

Mikutano miwili ya mwanzo, nasema wazi, ilinikera. Chakula kilikuwa kitamu, lakini kilifika ndani ya hotpoti kikiwa kimeshaiva. Vijana wetu wakala managu, ile mboga ya majani machungu, wakaondoka bila kujua kwamba hulazwa na maziwa usiku kucha ili uchungu upungue. Ndiyo maana tukakata shauri kwamba Agosti kila kitu kipikwe pale pale uwanjani.

Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulituaibisha. Hakuna aliyekumbuka kuuloweka, na saa kumi jioni ulikuwa bado unagonga meno. Wageni wakavumilia kwa nduma na chai ya rangi. Lakini penye chungu cha mrenda, mboga ya majani yenye utelezi, watu walisongamana. Mama mmoja wa Kangemi, Nairobi, alichoma maganda makavu ya maharagwe, akatia majivu kwenye kikopo kilichotobolewa chini, akamimina maji. Yakachuruzika tone kwa tone, yamekolea kama ile chai yetu. Huo ndio munyu, magadi ya kienyeji. Akatia kidogo tu, na mrenda ukalainika pamoja na kunde. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha; nilimpokonya simu nikampa mwiko.

Wanaoona haya ni mambo ya wazee wakumbuke kwamba Desemba 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kufufua vyakula vya asili kwenye rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi turathi. Juhudi hizo zilianza 2007, na mimea ya kienyeji ipatayo 850 ikaandikwa pamoja na majina yake ya lugha za nyumbani. Majina tunayo, basi. Mikono ndiyo inayopungua.

Novemba tulipata habari njema. Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya sheria vilivyomzuia mkulima kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Adhabu ilikuwa hadi miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 1. Mwaka jana mbegu za mboga za kienyeji kama terere na saga tulipeana kwa kunong'ona. Desemba hii zilikaa mezani, kila moja na jina lake.

Hesabu atasoma mweka hazina. Pesa nyingi zilimezwa na mahema.

Linalonisumbua ni maji. Baadhi ya mboga zinazouzwa jijini hunyweshwa majitaka, na kumjua mama mboga si kulijua shamba. Naomba mkutano huu uchague wawili watakaoyatembelea mashamba tunakonunulia kabla ya Machi.

Na aliyebaki na kinu changu tangu Agosti akirudishe. Machi tutaanza na muthokoi, na safari hii utalowekwa Ijumaa usiku, nyumbani kwangu.