Mhusika akibadili jina, abaki na nini?

Mhariri,

Malalamiko ya wasomaji wa hadithi za mfululizo, kwamba majina yamekuwa mengi mno na haijulikani tena nani ni nani, yana msingi. Ila lawama imeelekezwa pasipo pake. Mhusika anaweza kuwa na majina manne katika riwaya moja na msomaji asipotee hata mara moja. Anayempoteza msomaji ni mwandishi aliyempa mhusika wake jina tupu, kisha akamnyang'anya hilohilo jina.

Dawa inayokimbiliwa kwenye miswada mingi ni kovu. Kovu shavuni, jino la dhahabu, kidole kilichokatika. Kovu lina kazi yake, lakini si hii. Katika Odisei, utenzi wa kale wa Kigiriki, Odysseus anarudi kwake akiwa amejigeuza ombaomba, na yaya wake Eurycleia anamtambua kwa kovu aliloachiwa na nguruwe mwitu, wakati anamwosha miguu. Msomaji, kwa upande wake, alikwishajua zamani kwamba yule ombaomba ndiye mwenye nyumba. Kovu lilikuwa la Eurycleia, si letu. Basi kabla ya kuchagua alama yoyote, mwandishi aamue nani atangulie kujua. Msomaji akitangulia, utamu uko katika kungoja wengine wagutuke. Akiwa atagundua pamoja nao, alama ipandwe mapema, tena ifichwe ndani ya shughuli nyingine asiishuku.

Alama inayomfaa msomaji ni ya mkono. Tuseme Kombo ni fundi saa. Sura ya 2 anapokea chenji, anageuza sarafu moja moja kiganjani kabla ya kuzitia mfukoni. Sura ya 4 anafanya vilevile, safari hii kwa vifungo vya shati vilivyodondoka. Sura ya 7 Kombo hayupo. Yupo dereva aitwaye Daudi, mwenye ndevu, asiye na maneno mengi. Mwandishi mwoga ataandika: “Daudi, ambaye kwa kweli ndiye yule Kombo, akaingia.” Anayeijua kazi ataandika: “Dereva mpya akapokea chenji. Akageuza sarafu ya kwanza, akageuza ya pili, kisha akashtuka na kuzitia zote mfukoni kwa mpigo.” Kule kushtuka ndiko kunakomaliza kazi, maana mtu asiyejificha hana sababu ya kukatiza mazoea yake.

Kipimo chetu ni mara mbili kabla ya badiliko, na mara moja ndani ya ukurasa wa kwanza baada yake. Ikitokea mara moja tu, msomaji huichukulia kuwa pambo. Ikijirudia kila ukurasa, inageuka kichekesho. Kwa hadithi inayotoka kwa wiki, alama irudi katika aya mbili za mwanzo za toleo linalofuata badiliko, kwa sababu msomaji amekaa siku saba akisoma mambo mengine.

Alama ya mdomo ni rahisi zaidi na huharibika upesi zaidi. Msemo mmoja wa kurudiarudia huchosha. Afadhali namna ya kujibu: huyu hujibu swali kwa swali, yule hamalizi sentensi akiwa na hasira. Funika majina kwenye mazungumzo, mpe mtu asiyeijua hadithi, uone kama atawatenganisha wasemaji.

Kubwa kuliko zote ni uamuzi. Jean Valjean, mfungwa wa zamani katika riwaya ya Victor Hugo, Les Misérables (1862), anaishi kwa jina la Madeleine, meya anayeheshimika. Mzee amebanwa chini ya mkokoteni, na Javert, afisa wa polisi, amekwishasema hadharani kwamba anamjua mtu mmoja tu mwenye nguvu za kuuinua, naye ni mfungwa wa zamani. Madeleine anajua maana ya maneno hayo, na anauinua. Jina limebadilika, mavazi yamebadilika, cheo kimebadilika; kisichobadilika ni kile asichoweza kuacha kukifanya hata kikimgharimu.

Kuhusu msimulizi: amwite mhusika kwa jina analolijua yule ambaye tunaona tukio kwa macho yake. Tukiwa kichwani mwa mwenyewe, abaki Kombo. Tukiwa kwa tajiri wake, ni Daudi. Kuchanganya haya ndani ya tukio moja ndiko kunakozaa “watu wawili”. Makabidhiano ya majina yafanyike mbele ya msomaji, katika sentensi moja: “Kombo akaandika ‘Daudi’ kwenye daftari la wageni, akaitazama ile D kubwa kama mtu anayejaribu kiatu.” Na kwa kuwa majina yetu mengi huishia kwa irabu, jicho hushika herufi ya kwanza: Salma asigeuke Salome. Majazi, yaani majina yanayobeba sifa za mhusika, nayo yana hatari zake. Laghai akijiita Amini, msomaji amekwishamkamata.

Kiswahili kina zawadi ambayo haitumiwi vya kutosha. Kiambishi a- hakisemi kama ni mume au mke, hivyo mwanamke aliyejigeuza mwanamume anaweza kusimuliwa kurasa nyingi bila msimulizi kusema uongo. Panapovuja ni kwenye msamiati: ameoa au ameolewa, kaka au dada, bwana au bibi. Upande wa pili wa zawadi hiyo ni utata. “Alimwambia amfuate” inavumilika kwa watu wenye jina mojamoja. Kwa mwenye majina mawili, rudisha jina.

Mwisho ni daftari. Kila jina liwe na mstari wake: limeanza sura gani, limeisha wapi, mavazi, uongo aliosimulia, alama iliyobaki, na nani anajua. Safu hii ya mwisho ndiyo inayoumbua zaidi, kwa sababu sura ya 11 hutokea mpishi ambaye hakuwahi kuambiwa lolote, akamwita Daudi “Kombo” kana kwamba walikua pamoja. Tafuta jina la zamani kwenye kompyuta, kuanzia sura ya badiliko hadi mwisho wa muswada, na kila linapojitokeza uliza msemaji amelijulia wapi.

Wenu,
Wahariri wa miswada ya riwaya