Hela za gemu ya mashua hazijaliwa, shida ni nauli

Mhariri,

Assalam aleikum. Naomba nafasi kwa ukurasa wako manake huku Amu, mji wa Lamu, maneno yamekuwa mengi, ukipita uwanja wa Mkunguni jioni unayasikia, ukifungua grupu za WhatsApp ni yayo kwa yayo, ati wale vijana waliochangisha pesa za gemu ya mashua wamezila na sasa wanatuzungusha. Mimi ni mmoja wa waliochanga, hela yangu imo mle ndani, na nimekwenda pale wanapofanyia kazi nikasaidia kukunja maboksi kwa hivyo ninayoyasema nimeyaona. Hela hazijaliwa. Shida iliyopo ni kwamba watu wanafikiria kutengeneza tu, na ile kazi ya kuufikisha mchezo kwa mwenyewe hawaihesabu kabisa, na hapo ndipo pesa na wakati vinapokwenda.

Kwa wasioijua, ni gemu ya mezani ya mashindano ya mashua, watu wawili mpaka sita, kila mtu anashika mashua ya mahali pake, kuna Amu, Shela, Matondoni, Kipungani, Faza na Kizingitini, mnatoka mbele ya mji mnakwenda kuzunguka boya mnarudi. Dadu ndiyo upepo. Mnaweza kucheza kwa kusi au kwa kaskazi, na ukiwa unaukabili upepo huendi moja kwa moja, lazima ubishe, uende mshazari ugeuze tanga uende tena mshazari upande wa pili, na kama mabaharia wako hukuwapanga vizuri kila ukigeuza unapoteza zamu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama ukingoni siku ya mashindano ya Mwaka Mpya au ya Maulidi akaona foromali, ule mti unaoshika tanga, ikigeuzwa ataielewa hapo hapo. Mimi ndiyo sababu nilichanga, watoto wetu timu za Uingereza wanazijua mchezaji kwa mchezaji na joshi na demani, upande upepo unakotoka na upande unakokwenda, hawazijui, na wamezaliwa hapa hapa ufuoni.

Sasa kuchanga kwenyewe. Sisi tumezoea harambee, unachanga ya harusi au ya hospitali na yakiisha yameisha, hakuna anayekuja kudai kitu. Hii ni tofauti, umetoa pesa leo upate boksi lako baadaye, na boksi lenyewe siku unatoa pesa halijakuwepo. Ni kama kulipia pilau mchele ukiwa bado uko shambani. Huko nje wanatumia Kickstarter, mtandao wa kuchangishia miradi ambao ulianza Aprili 2009, kama mradi haujafika kiwango kilichotajwa hakuna anayekatwa hata senti, ukifika wanakata asilimia 5 yao na mtandao wa malipo nao unakata yake. Lakini Kickstarter haimpokei mwenye mradi anayeishi Kenya, unaweza kuchangia tu, kwa hivyo vijana wetu wakapitisha kila kitu kwa M-Pesa, na ndugu zetu walioko Jeddah, Dubai, Uingereza na Marekani wakatuma kupitia jamaa zao hapa. Kwa hivyo wanaodai wako kila pembe na ndio maana kelele nazo zinatoka kila pembe.

Wanaosema wizi, basi wizi uko na unajulikana unavyokaa. Juni 2015 ile tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimaliza kesi yake ya kwanza ya michango ya mtandaoni, na kwa bahati ilikuwa gemu ya ubao, mtu alikusanya zaidi ya dola 122,000, akawaambia watu mambo yanaendelea, kumbe tume inasema nyingi zilikwenda kwa kodi ya nyumba na kuhama na mambo yake mengine, watu hawakupata gemu wala pesa. Hiyo ndiyo kula. Mwaka huo huo profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Ethan Mollick, alifanya utafiti wa miradi ya Kickstarter akakuta kama asilimia 9 hivi haikutoa kile ilichoahidi. Na kuchelewa ndiyo kawaida kabisa, utafiti wake wa nyuma, wa 2014, ulikuta miradi ya dizaini na teknolojia zaidi ya asilimia 75 ilichelewa. Vijana hawa risiti za karatasi, za rangi, za mbao, za boti wanazo kwenye faili na mtu yeyote aliyechanga akienda anaonyeshwa. Nendeni muone kabla hamjamchafulia mtoto wa mtu jina.

Nieleze sasa kilichokula wakati. Mwanzoni tuliahidiwa ubao wa kadibodi wa kukunja mara mbili, kama zile gemu za dukani. Sampuli ikapigwa chapa Nairobi, ikafika ikiwa imenyooka vizuri na rangi zake nzuri, ikakaa Amu wiki moja hivi kingo zikaanza kuinuka, mwisho mashua haisimami inateleza kati. Hewa yetu ya chumvi na unyevu mnaijua inavyofanya hata milango. Kadibodi ikibandikwa karatasi upande mmoja tu inavutwa upande huo, inabidi ibandikwe pande zote mbili zivutane sawa, na ukifanya hivyo bei imepanda, uzito umepanda, na bado hujui itakaaje kwa nyumba ya mtu aliye karibu na maji. Vijana wakakaa wakafikiri, wakaja na marudufu. Ile nguo ya tanga yenyewe! Ramani ya bahari inapigwa chapa kwa skrini, kila rangi na skrini yake, ikikauka fundi cherehani anapinda kingo, inakunjwa inaingia kwa boksi dogo, ukiitandaza mezani inalala. Unyevu hauifanyi kitu.

Kuna watu wamekasirika kwa hilo, ati tuliahidiwa ubao tunapewa kitambaa, tumeibiwa. Naomba niwape hadithi ya kweli. Subbuteo, ule mpira wa mezani wa kupiga kwa kidole ambao wazee wengi waliokaa Ulaya wanaujua, ulianza kwa njia hii hii ya watu kulipa kabla. Peter Adolph, Muingereza, aliweka tangazo kwa gazeti la wavulana Agosti 1946, na wakati huo hana hata seti moja ya kuuza, pesa zikaja kwa posta zikafika pauni 7,500, seti za kwanza zikatoka Machi 1947. Na unajua uwanja ulikuwa wapi? Hakukuwa na uwanja ndani ya boksi. Kulikuwa na chaki, unaambiwa tafuta blanketi la jeshi la zamani uchore mwenyewe. Wachezaji walikuwa wa karatasi ngumu. Na mchezo ule ukaenea dunia nzima. Kitu chepesi kinachofika ni bora kuliko kizuri kinachobaki stoo, na marudufu yetu ni zaidi ya chaki, imekwisha kuchorwa na imeshonwa.

Halafu mashua zenyewe. Boksi 300, kila boksi mashua sita, hizo ni mashua 1,800 za kuchongwa kwa mkono, kila moja na mlingoti wake na tanga lake dogo. Kuna waliosema chukueni plastiki, lakini plastiki inataka moldi, na moldi ni chuma cha kukatwa ambacho gharama yake inakuwa na maana ukitengeneza maelfu, kwa 300 ni kujiua. Na kwani Amu ni mji wa kukosa fundi wa kuchonga? Kazi imekwenda kwa mafundi wetu, pesa imebaki kwa nyumba za hapa. Zile za mwanzo milingoti ilikuwa imegundishwa, wakajaribu kutuma boksi moja kwa basi mpaka Mombasa likarudi nusu ya milingoti imevunjika, ikabidi watobowe tundu, mlingoti unauchomeka mwenyewe ukianza kucheza na kuutoa ukimaliza. Kwa mtu wa nje ni jambo dogo. Kwa fundi ni kuanza upya, na mzee anayezichonga hakulalamika.

Sasa nauli, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kampuni nyingi za kutuma vifurushi kwa ndege hazipimi kwa mizani peke yake, wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5,000, halafu ile iliyo kubwa kati ya hesabu hiyo na mizani ndiyo unayolipia. Boksi la kwanza lilikuwa 30 kwa 30 kwa 7, fanyeni hesabu, hiyo ni kilo 1.26 hata kama ndani kuna hewa. Boksi la sasa ni 22 kwa 16 kwa 6, inakuja kilo 0.42. Theluthi moja! Kwa sababu ya kile kitambaa mnachokitukana. Na hii ni ndege tu, kabla ya hapo mzigo umebebwa na punda mpaka gatini, umepanda boti mpaka Mokowe, umepanda basi mpaka Malindi na Mombasa, kila mahali kuna mtu wa kulipwa, na mvua ikinyesha kuna mtu wa kufunika kwa turubai. Boksi la kilo moja ukilizidisha mara mia tatu njia yote hiyo utaelewa.

Ukifika huko nako kuna forodha. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2021 waliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo, sasa hata cha bei ndogo kinalipa. Marekani ule msamaha wa bidhaa za chini ya dola 800 uliondolewa Agosti 2025, kwa hivyo kifurushi ambacho zamani kilipita bure siku hizi kina ushuru. Australia vitu vya mbao wanavikagua sana. Hakuna kijana wa Langoni anayeweza kukuambia siku ya kuchanga kwamba nauli yako itakuwa kiasi gani mwaka ujao, na akikuambia basi anabahatisha.

Wapo wanaosema si wangepeleka China kama wengine, ingekuwa imeisha zamani. China wanafanya kazi nzuri, gemu nyingi za dunia zinatoka huko, lakini viwanda vingi vya huko havishughuliki na oda ya 300, wanataka 500, wanataka 1,000 kwenda mbele, halafu zipande meli, zishuke Mombasa, zilipe ushuru na VAT ya asilimia 16, ndio zianze safari ya kuja Amu. Na meli nazo, 2021 bei ya kontena ilipanda mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa kabla ya korona na watu waliochangisha gemu huko Ulaya na Marekani wakajikuta pesa ya usafiri waliyokusanya haitoshi hata nusu ya safari, wengine wakawarudia wachangiaji kuomba nyongeza, wengine wakafunga. Wale walitengeneza gemu nzuri kabisa, zikakwamia njiani.

Ndio maana siku hizi wengi wao nauli hawaichukui siku ya kuchanga. Wanasubiri gemu iishe, wanaipima, ndio kila mtu anatumiwa bili yake kulingana na nchi aliyoko. Na hilo ndilo ninalowaomba wenzangu tulikubali. Vijana wametangaza kwamba mchango uliotolewa utamaliza gemu, na nauli ya nje italipwa kando, kila mtu kwa kadiri yake, watu wakapiga kelele. Lakini hebu fikirieni, kama nauli ya aliye Toronto itatoka kwa mfuko mmoja na pesa ya rangi na marudufu, basi aliye Matondoni ambaye atakuja kuchukua lake kwa miguu ndiye anayemlipia aliye Toronto. Hiyo si haki, na mwenye uwezo zaidi kati ya hao wawili, sote tunamjua.

Na vijana nao nawaambia, nawapenda lakini nawaambia, risiti zisikae kwenye faili zikingoja mtu aje. Bandikeni pale dukani kwenu, kiasi kilichoingia, kilichotoka, mashua ngapi zimechongwa, vitambaa vingapi vimepindwa, boksi lina uzito gani, na kila Ijumaa mbadilishe. Mpige na picha mtume kwa grupu kwa ajili ya walio mbali. Mtu aliyetoa shilingi zake ana haki ya kujua ziko kwa mlingoti au ziko kwa tanga. Na msitaje tarehe ya kupeleka mpaka boksi la mwisho lifungwe, tarehe ile ya kwanza mliyoitaja ndiyo iliyowaletea matusi yote haya.

Walioko nje tafadhali tumeni anwani kamili yenye namba ya posta na namba ya simu, watu wa forodha wakikwama wanapiga simu. Walioko Mombasa na Malindi semeni mtachukulia ofisi gani ya basi. Sisi wa Amu tukachukue wenyewe, na kama umebadilisha laini tangu uchange, wapelekee namba mpya wiki hii manake majina yameanza kuandikwa juu ya maboksi.

Wako,
Mchangiaji,
Langoni, Lamu