Barua Isiyohesabiwa Maneno

Rafiki yangu wa dhati,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe na wa nyumbani hamjambo. Nisamehe kwa kukawia kukujibu. Barua yako ilinikuta kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka juu ya goti hadi vidoleni. Niliteleza kwenye ngazi nikavunjika mfupa wa muundi. Plasta imekatwa juzi, baada ya wiki 8, na tangu hapo nina hamu ya kuzungumza na wewe.

Usiku ule ule nilishikwa na kiu. Muda wote nilipokuwa na plasta, kiu ya usiku ilikuwa na njia mbili tu: nimwamshe mdogo wangu, au nivumilie mpaka kuche. Mara nyingi nilivumilia, maana naye hurudi kazini amechoka. Safari hii nikachukua gongo langu nikainuka mwenyewe. Nikawasha taa. Sakafu ilikuwa baridi, na unyayo wangu ulikuwa haujakanyaga kitu kwa miezi miwili, basi ukashtuka kama umekanyaga barafu. Nikafungua bomba. Likakoroma kidogo, kisha maji yakashuka. Nikajaza bilauri, nikanywa nikiwa nimeegemea ukuta, nikajaza tena. Machozi yakanitoka, na kwako sioni haya kuyasema.

Bilauri ile niliinywa bila hofu yoyote. Hilo nalo si dogo. Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, zaidi ya watu 500 walikufa kwa kipindupindu ndani ya siku kama 10. Daktari John Snow alifuatilia nani alichota wapi, akaona vifo vinaizunguka pampu moja ya Broad Street, akawashawishi wakubwa wa mtaa waung'oe mpini wake. Wale watu walikuwa na kiu kama yangu tu. Waliamka, wakachota, wakanywa.

Halafu kuna mlango wa bafu. Wiki 8 nimeogeshwa mlango ukiwa wazi, maana ningeanguka nani angeniinua? Jana nimeufunga, nikasikia komeo likiingia mahali pake. Nilikaa humo ndani muda mrefu kuliko haja yenyewe.

Sikuandikii haya ili tujione tuna bahati kuliko wengine. Shukrani ya kupima shida ya mwenzako ndipo ufurahi haijawahi kunikaa vizuri moyoni. Nashukuru kwa maji kwa sababu ni maji, na kwa mlango kwa sababu naufunga na kuufungua mwenyewe.

Lakini kuna jambo moja nililosoma nikiwa nimelala, na limekataa kunitoka. Nelson Mandela alipopelekwa gereza la Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, mwaka 1964 aliwekwa daraja la D la wafungwa, la chini kuliko yote. Aliruhusiwa barua moja kila miezi 6, isizidi maneno 500, na iende kwa jamaa wa karibu tu. Wakaguzi waliisoma kwanza, na wasichokipenda walikiondoa. Mama yake akafariki mwaka 1968, mwanawe Thembi akafa kwa ajali ya gari mwaka uliofuata. Mara zote mbili aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na mara zote mbili alinyimwa.

Nilichukua karatasi nikajaribu. Ningekuwa na barua moja tu kwa nusu mwaka, ningeanza na nini? Nikaandika salamu, nikauliza afya ya kila mtu kwa jina, nikaeleza habari za mguu, kuhesabu nikakuta maneno 500 yamekwisha na la moyoni bado sijaligusa. Nikaanza kufuta. Nilifuta salamu za shangazi. Nikafuta swali kuhusu wewe, kwa sababu mimi na wewe hatukuzaliwa tumbo moja, na kwa sheria ile barua hii isingekufikia kamwe. Hapo kalamu nikaiweka chini.

Miaka yote hii nimekuwa nikikuandikia nipendapo, na pengine kuacha miezi ikapita bila sababu yoyote. Hakuna aliyeifungua barua yangu kabla yako. Uvivu ule sasa unaniuma.

Kwa hiyo sihesabu kitu leo. Ulisema mwanao ameanza kusimama kwa kushika kiti. Je, ameshakiachia? Alianza na mguu upi? Alianguka, akalia, au alicheka? Mimi mwenyewe najifunza upya, hatua 6 jana, 11 leo asubuhi, kwa hiyo haya nayauliza kwa dhati. Nieleze yote, wala usifupishe.

Wako akupendaye daima.