Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya: hesabu ya kipande cha kati ya geti la uwanja na mlango wangu

Mstahiki Meya, na waheshimiwa madiwani wetu,

Salamu kwenu nyote. Naandika nikiwa pembeni ya kitanda cha mwanangu. Ana miaka kumi na tano, na mguu wake wa kulia umefungwa plasta ngumu (P.O.P.) mpaka juu ya goti. Jumamosi usiku tulikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, mimi, yeye na watoto wengine wanne ninaowafundisha mpira mchangani. Tiketi nilizinunua kwa pesa ya vibarua vya wiki mbili, maana niliwaahidi siku nyingi.

Mechi iliisha saa nne kasoro. Tulisimama kituoni Uhasibu zaidi ya saa nzima. Kila gari lililopita lilikuwa limeshajaa. Bodaboda wakataka elfu kumi kila kichwa, na sisi tulikuwa vichwa sita. Tukaanza kutembea kuelekea Mbagala na umati wa wenzetu, wengine wamebeba watoto mgongoni. Tulipokaribia Mtongani tukaingia kwenye giza. Mwanangu akakanyaga mahali alipodhani pana zege, kumbe ni mtaro usio na kifuniko. Sauti ya ule mfupa ningali naisikia.

Mstahiki Meya, uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000. Nilikuwepo Juni 2010 Brazil walipokuja kutufunga 5-1, na sikuona aibu, nililia kwa furaha. Tuliambiwa huo ndio mwanzo, kwamba watoto wa Dar es Salaam watanufaika na uwanja huo. Tumepitia ukarabati wa mabilioni. Halafu Mei 2025, Simba walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, mechi ya marudiano ikapelekwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu nyasi zetu hazikuwa katika hali inayotakiwa. Agosti mwaka huo huo tukawa wenyeji wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Uganda. Sasa tunajiandaa kwa AFCON ya 2027. Pesa za umma zimeingia pale mara nyingi, na zitaingia tena. Katika miaka yote hiyo watoto wangu bado wanapiga mpira kwenye mchanga uliomegwa pande mbili, na magoli ni mawe manne. Mlipokuja kuomba kura mlisimama pale pale, kati ya yale mawe, mkasema kiwanja kitapimwa na kuwekewa uzio. Watoto waliwapigia makofi. Wanauliza mpaka leo.

Na usafiri ni hivyo hivyo. Mwendokasi, yaani njia ya mabasi ya haraka, awamu ya pili, kilomita 20.3 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilichukua barabara yetu ya Kilwa kwa miaka. Tulikula vumbi, wenye vibanda wakahamishwa, kisha njia ya zege ikakaa tupu muda mrefu ikisubiri mabasi. Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa tutasafiri kama watu. Mimi Jumamosi nilitembea kando ya zege hiyo nikiwa nimembeba mtoto anayelia.

Najua jibu, kwa sababu nimeshapewa mara tatu nilipokwenda kuuliza. Uwanja ni wa wizara. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, barabara kuu ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mabasi yana wakala wake. Haya yote ni kweli. Lakini mimi naona hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kila mradi una fungu lake, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua kila fungu peke yake. Kile kipande cha kati ya geti la uwanja na mlango wa mtu hakimo kwenye kitabu cha yeyote. Mwanangu alivunjikia humo.

Nimesoma habari za London. Baada ya Olimpiki ya 2012, kugeuza uwanja wao mkuu uwe wa mpira kulikula pauni milioni 323, wakati makadirio ya awali yalikuwa milioni 190. Meya wao Sadiq Khan akaagiza uchunguzi, na ripoti ikatolewa hadharani Desemba 2017. Wana baraza la jiji lenye wajumbe 25 wa kuchaguliwa ambao humwita Meya mara kumi kwa mwaka na kumhoji mbele ya watu, leo uwanja, kesho treni na mabasi. Hasara haikufutika kwa kuhojiwa, lakini mlipa kodi wa kule alijua pesa yake ilipotelea wapi na nani alitia saini.

Nanyi mna baraza. Vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Hata kama uwanja si wenu na basi si lenu, sisi ni watu wenu, na hakuna anayewazuia kupitisha hoja ya kuwaita wahusika wote meza moja. Mwenye uwanja aseme ametumia kiasi gani na kipi kimebaki mitaani. Mwenye mabasi aseme usiku wa mechi anaweka mangapi na mpaka saa ngapi. Mwenye mitaro aseme vifuniko viko wapi. Waseme kwa tarakimu, siku moja, mbele yetu.

Dawa, usafiri wa kwenda na kurudi kliniki, na siku ambazo sijaenda kibaruani, vyote nimeshakopa. Mama yake amefunga genge ili amhudumie. Siombi nirudishiwe hata senti.

Nawaomba kikao hicho. Kikishindikana kabla ya mechi ijayo, basi naomba mabasi yasiondoke barabara ya Kilwa mpaka mtu wa mwisho aliyetoka uwanjani apate pa kukaa. Na ule mtaro kabla ya Mtongani ufunikwe wiki hii. Nimeuwekea matawi ya mwarobaini na kitambaa chekundu, lakini usiku havionekani.

Wenu,
Mzazi na kocha wa mchangani, barabara ya Kilwa