Usimtoe mtoto kwenye mpira kwanza

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mpwa wangu kila Jumamosi anaishia benchi, sasa anasema "mimi mpira siuwezi," na unaogopa maneno hayo yatahamia kwenye hesabu. Ndiyo maana unataka kumtoa. Naomba usubiri.

Hofu ya hesabu ipunguze. Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Harter, alichapisha mwaka 1982 kipimo cha namna watoto wanavyojiona. Kuanzia miaka minane hivi, mtoto hajihukumu kwa jumla tu: masomo ana hukumu yake, michezo yake, marafiki yake. Anaweza kujiona hafai uwanjani, darasani akajiona bingwa.

Linaloniuma ni hilo benchi. Kijana kazaliwa Novemba. Katika timu ya chini ya miaka 10 anagombea namba na waliozaliwa Januari ya mwaka uleule. Kwetu watu wazima miezi kumi si kitu. Kwa mtoto wa miaka tisa ni kimo, ni mbio, ni uzito wa shuti. Kanada, miaka ya 1980, Roger Barnsley na wenzake waliliona hili kwenye hoki ya barafu: waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walijaa ligi kubwa kuliko wa miezi ya mwisho, kwa sababu umri wa watoto ulihesabiwa kuanzia Januari mosi. Mkubwa anachaguliwa, akichaguliwa anacheza, akicheza anajua, na sisi tunaita kipaji. Mdogo hakuna aliyemweleza habari za miezi, basi anamtazama aliye karibu yake na kujipa jibu: siuwezi.

Kwa hiyo mwachie acheze chandimu mtaani pia. Kule wakubwa na wadogo wamechanganyika, na watu wakipungua hata yeye anaitwa. Na apige danadana nyumbani. (Vyungu vya maua viondoe mapema.) Danadana hazina Januari wala Novemba, anahesabu zake mwenyewe.

Kocha usiende kumgombeza. Huko Seattle, Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll waliwafundisha makocha wa besiboli ya watoto mambo ya kawaida kabisa: sifia juhudi, anayekosea mtie moyo ndipo umwelekeze, usifoke. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, watoto waliokuwa na makocha wasiofundishwa, asilimia 26 hawakurudi msimu uliofuata. Kwa waliofundishwa, ni asilimia 5. Wala timu zao hazikuwa zimeshinda zaidi.

Wewe mwombe kocha kitu kimoja tu: mtoto aingie kila mechi, hata kwa dakika kumi, na ajue mapema kwamba ataingia. Akikataa, nipigie, tutafute timu nyingine.

Shemeji naye msalimie sana. Mwambie, mtoto akirudi, asimuulize "umefunga mangapi?" Amuulize leo wamefundishwa nini, kisha watoke nje akaonyeshwe.

Kaka yako